Prof wa Klavye ya Kartoni

Aliyeniletea habari alikuwa mwendesha pikipiki. Alifika Walikale kutoka upande wa Masisi, matope hadi masikioni, akanikuta mlangoni pa ofisi yetu.

"Dada, ule Prof yenu ya mashini iko anatafuta mutoto wake," akasema. "Furaha. Batu banasema balipotezana mu mbio."

Nilimjua Furaha. Alikuwa mtoto pekee wa Prof, na mama yake alikuwa amekwisha kufa. Siku mapigano yalipofika kwao, alikuwa malishoni kwa mjomba wake, ndugu ya marehemu mama yake, alikokwenda kuchukua maziwa. Mjomba alikimbia naye na ng'ombe kuelekea Bweremana, kando ya ziwa. Prof alikimbia na majirani zake wakulima, wakashika njia ya msituni kuja huku Walikale. Baba na binti, kila mmoja alidhani atamkuta mwenzake mbele. Tangu nisikie hayo siwezi kumfikiria Prof bila kumfikiria msichana huyo, kwa hiyo nikicheka hapa chini, nisamehewe. Nacheka kwa sababu nilimpenda mzee yule, na kwa sababu nina hasira.

Jina lake sitaliandika. Shuleni kwetu kila aliyefundisha aliitwa prof, wa hesabu, wa Kifaransa, wa dini. Lakini ukisema "Prof" bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yule wa mashine. Alizaliwa wapi na babu yake nani, hayo waulizwe watu wa kilima chake. Mimi nilimjua kwa vidole.

Shule yetu ilikuwa na kompyuta mbili. Zilikaa ofisini kwa prefe, mkubwa wa shule, zimefunikwa kitambaa cha maua, na zilitegemea paneli moja ya jua. Anayejua ukungu wa Masisi anajua paneli moja inaweza kufanya nini. Darasani tulikuwa zaidi ya thelathini. Basi Prof aliomba makartoni ya sabuni na ya biskuti madukani, akayakata, akachora kwa rula na kalamu ya bic herufi zote za klavye, yaani kibodi, mstari kwa mstari, hadi vile vibonye vidogo vya pembeni. Kila mwanafunzi alikuwa na klavye yake ya kartoni, na tuliibeba ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Aliyeiacha ikaloa alichora nyingine mwenyewe, na akikosea nafasi ya herufi moja, anaanza upya.

Prof alisimama mbele, mikono nyuma, macho kayafumba, akaita: "Copier!" Sisi wote tukagonga Ctrl na C, kunakili. "Coller!" Ctrl na V, kubandika. "Enregistrer!" Ctrl na S, kuhifadhi. Sauti ilikuwa kama mvua inayoanza kuanguka juu ya mabati. Alikuwa anasikiliza. Ninaapa, aliweza kusikia kidole kilichopotea. "Benchi ya tatu, ku dirisha," angesema bila kufumbua macho, "weye umechapa nini pale?"

Watu wa mjini waliokuja kutukagua walimcheka. Mmoja alimuuliza kwa nini hatufundishi souris, kipanya, maana dunia nzima inafanya kazi kwa kipanya, hata mtoto mdogo anakiweza. Prof alimjibu mbele yetu.

"Souris inaomba courant ya umeme, inaomba écran ya kuangalia, inaomba meza. Nitaichora namna gani ku kartoni? Lakini klavye, mutoto anaibeba mu kichwa. Siku batamufukuza, ataenda nayo."

Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake. Sisi hatukuona ajabu yoyote katika jibu lile. Huko kwetu, siku ya kufukuzwa ilikuwa kitu cha kupangia, kama msimu wa maharage.

Lakini kartoni lilitupa kosa letu, kosa ambalo nadhani hakuna mwanafunzi mwingine duniani amelifanya kama sisi. Kwenye kartoni kidole hakina haraka ya kuondoka. Unagonga, unakiacha pale, unasubiri amri nyingine. Siku yangu ya kwanza mbele ya mashine ya kweli, prefe alikuwa amefungua maandishi ya matokeo ya mwaka wa kwanza wote. Prof akaita: "Sélectionner tout!" Nikagonga Ctrl na A, kuchagua yote, vizuri kabisa. Kisha nikaondoa kidole cha Ctrl, na kile cha A kikabaki palepale kwa adabu, kama tulivyozoea. Majina yote yakafutika. Ikabaki a, na a, na a, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nimeganda kama aliyekanyaga nyoka. Prefe alipiga kelele ambayo sitairudia.

Prof aliinama, akapitisha mkono wake juu ya wangu, Ctrl na Z, mara mbili. Majina yakarudi. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Kartoni inasamehe. Hii haisamehe. Inuaka kidole, mutoto ya maziwa."

Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa sababu kwetu ni wafugaji.

Alikuwa na maneno yake, na ole wako umwulize maana. Juu ya kipanya alisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa," maana anayetumia kipanya anabonyeza kwa kidole kimoja tu, na njia za mkato za klavye zinataka viwili au vitatu. Juu ya watu wanaotembeza mshale kwenye skrini wakitafuta mahali pa kubonyeza, alisema: "Ule iko anauliza njia. Muntu ya kujua njia haulizake." Na ukutani mwa darasa kulikuwa na methali iliyoandikwa na prof mwingine, haraka haraka haina baraka. Aliichukia methali hiyo kama deni la mtu mwingine.

"Ile ilisemwa na muntu mwenye kuwa na courant siku muzima," alituambia. "Sisi tuko na saa moja ya batterie. Baraka yetu iko mu haraka."

Mtu mwenye kufundisha njia za mkato, ungedhani naye angezipita. Hata kidogo. Kwa miguu Prof alipita barabara kuu tu, hata pale ambapo sote tulikata kilimani tukafika saa nzima kabla yake. Pikipiki hakupanda. Alitembea taratibu, mwavuli mkononi, viatu vinang'aa, akisalimu kila mtu: Mama, mulilala? Papa, ng'ombe wanaendelea? Nilimwuliza siku moja kwa nini hapandi kilima na sisi. Akaniambia kwamba katika klavye, mwisho wa njia ya mkato unajulikana. Kilimani haujulikani nani amekaa mwisho. Miezi michache baadaye watu wawili walipigwa risasi kwenye njia ileile, wakiwa wamebeba jibini kupeleka sokoni. Nikaacha kukata kilima.

Nyumbani kwetu alikuja kunywa maziwa. Kwa maziwa hakuwa na simile, vikombe vitatu bila kuvuta pumzi. Baba yangu alipenda kumchokoza.

"Prof," alimwambia, "miye nikifundisha mutoto kukamua, ninamupa ng'ombe. Weye unamupa picha ya ng'ombe, unasema akamue!"

Prof alicheka mpaka maziwa yakamtokea puani. Kesho yake akarudia maneno hayo darasani, dhidi yake mwenyewe, akamsifu baba yangu kwamba ana akili kuliko wakaguzi wote. Mimi niliona haya na fahari kwa pamoja.

Mkewe alikuwa wa watu wetu, yeye wa wakulima. Watu wa kilima chake walisema ameoa maziwa. Watu wetu walisema tumemtoa binti kwa sahani ya maharage. Mama huyo alipokufa, minong'ono haikufa naye. Furaha alilelewa kati ya pande mbili, siku za shule kwa baba, siku za mapumziko kwa mjomba na ng'ombe, na kila upande ulimwambia kwamba ana sura ya upande wa pili. Prof alipolisikia hilo, ukali wake wote ulihamia hapo. Mwanamke mmoja aliyemwita Furaha "nusu" sokoni aliachwa bila salamu mwaka mzima, naye Prof ni mtu aliyesalimu hata mbwa.

Kwa binti yake alikuwa mgumu kuliko kwetu. Furaha alikuwa na vidole vyepesi kutushinda sote, lakini hakusifiwa. Na balaa lenyewe, Furaha alipenda kipanya. Siku moja jua lilipowaka vizuri na mashine ikawa wazi, alikitumia kuchora ng'ombe kwenye skrini, ng'ombe mwenye pembe kubwa na miguu isiyolingana. Baba yake akaingia.

"Papa," Furaha akasema kabla hajakemewa, "chora ng'ombe na klavye basi, tuone."

Prof alimtazama ng'ombe yule kuanzia pembe hadi kwato. Akatoka nje. Kesho yake akasema kwamba kila mwenye kumaliza zoezi la klavye ana ruhusa ya dakika tano za souris, na hakueleza sababu.

Wenye bunduki walipopita shuleni mara ya kwanza, walibeba mashine zote mbili, paneli, na kitambaa cha maua. Vipanya viwili walivitupa sakafuni, pengine waliona ni vitu vya kuchezea watoto. Siku ya tatu wakamwita Prof. Mkubwa wao alikuwa amepanga mashine juu ya meza katika nyumba waliyoishika, jenereta inanguruma nje, na kando yake daftari lenye majina ya wenye nyumba wa kilima kizima. Alitaka orodha safi iliyochapwa. Aliyeishi kwetu anajua orodha ya namna hiyo ni ya nini. Ukiisha kuandikwa, watakuja kukudai maharage, kisha mbuzi, kisha kijana wako.

Prof akaitazama meza. "Souris iko wapi?" akauliza.

"Souris ya nini? Banasema weye unafanyaka na vidole tu."

"Balibaongopea, shefu. Bila souris hii mashini imekufa. Miye sijue kitu ingine."

Akagonga hapa na pale kwa kidole kimoja, ovyo, akatingisha kichwa kama fundi aliyeshindwa. Walimpiga makofi, wakamsukuma nje kwa teke. Orodha haikuchapwa siku hiyo, na sisi tulipata siku za kuhamisha mbuzi na kaka zetu.

Habari hizo tulizipata kwa Furaha. Prof mwenyewe hakutaka zitajwe. Mvulana mmoja alipomtania darasani, "Prof, souris iko wapi?", alikasirika, akakusanya makartoni yake, hakufundisha juma zima. Nilidhani ameona aibu ya makofi. Furaha aliniambia hapana, anachoona aibu ni kugonga ovyo mbele ya klavye. Mtu aliyeokoa kilima kizima alikosa usingizi kwa sababu alijifanya hajui kazi yake. Huyo ndiye Prof. Ukitaka kumwelewa zaidi ya hapo, mimi siwezi kukusaidia.

Nilimaliza shule, nikapata kazi huku Walikale, katika ofisi ya misaada. Ninaingiza majina ya waliokimbia. Karatasi zinaletwa, mimi ninachapa, jina, kilima alikotoka, umri, watu wangapi nyumbani. Niliajiriwa kwa sababu ya kasi. Walionijaribu waliniuliza nilisomea wapi, nikasema kwenye kartoni, wakadhani ni mzaha.

Prof aliingia ofisini kwetu asubuhi moja, wiki mbili baada ya yule mwendesha pikipiki. Viatu vilikuwa havina rangi tena. Alikuwa amekonda, na koti lake lilimning'inia kama la mtu mwingine. Nilisimama, nikamshika mikono yote miwili.

"Prof, mulifika lini?"

"Siku mingi kidogo. Niko mugeni ku nyumba ya muchungaji."

Mgeni, alisema. Nilijua wanalala ishirini kwenye nyumba ile ya mchungaji. Jina lake nilikuwa nimekwisha kulitafuta kwenye orodha yetu, halikuwamo. Hakutaka kuandikwa miongoni mwa waliokimbia.

Sikumwuliza anachotaka. Niliketi, nikafungua orodha kubwa, ile iliyounganishwa kutoka kila upande, hata Bweremana. Nikagonga Ctrl na F, nikaandika Furaha. Akasimama nyuma ya bega langu kama zamani.

Mjue kwamba kwetu jina Furaha limejaa. Tunawapa watoto wetu majina ya vitu tunavyovikosa. Nikagonga, Furaha wa miaka miwili. Nikagonga, Furaha bibi kizee. Nikagonga, Furaha wa kilima kingine, ana watoto watano. Nikagonga tena na tena, kila mmoja akija haraka na kuondoka haraka, mpaka akatokea tena Furaha wa miaka miwili.

"Imerudia ku ya kwanza," Prof akasema.

"Ndiyo, Prof."

Ilichukua muda wa kunywa chai nusu kikombe. Kwa mara ya kwanza nilichukia kasi yangu. Mtu amevuka msitu kwa miguu, mimi namjibu hapana kabla hajakaa. Akavuta kiti, akaketi kando yangu.

"Uko na souris?"

Nilikuwa nacho, kwenye droo. Nikakichomeka.

"Shuka nayo polepole," akasema. "Tusome bote."

Tukasoma wote. Nilizungusha kile kigurudumu cha kipanya mstari kwa mstari, naye alisoma kila jina kwa sauti, wanaume, vikongwe, watoto wachanga, kana kwamba kila mmoja angeweza kuwa yeye amejificha. Mkubwa wangu alipita, akasimama, akaona uso wa mzee, akaenda zake. Saa sita ikapita. Prof hakuruka mtu. Tulipofika mstari wa mwisho koo lake lilikuwa limekauka, nikampa maji, hakuyanywa.

Alikuwa anatazama pembe ya chini ya skrini. Kulikuwa na orodha nyingine pale, nilikuwa nimeiacha imefungwa nusu, nikidhani haionekani. Ni orodha ya waliozikwa njiani, tunayotumiwa na vijana wa kujitolea. Nilisahau ni nani aliyenifundisha kusoma skrini.

"Na ile?" akauliza.

Nikashika kipanya.

"Hapana," Prof akasema. "Ile, tumia klavye."

Akageuza uso kutazama dirisha. Ctrl na F. Nikakosea herufi, nikaandika upya. Hakuna aliyepatikana. Nikamwambia. Akatikisa kichwa mara moja, bila furaha na bila kilio, kwa maana mtoto asiyekuwa kwenye orodha ya wazima wala ya wafu, mzazi wake anaweza kushika nini? Mimi ndiye niliyelia. Alinisubiri nimalize.

"Andika miye," akasema.

"Prof?"

"Andika miye pale mu orodha ya batu balikimbia. Ule mutoto anajua kutafuta. Akifika fasi iko mashini, atatafuta jina yangu."

Nikaenda mstari wa mwisho. Nikaandika jina lake, kilima chake, umri wake. Ikabaki safu moja.

"Watu wangapi nyumbani, Prof?"

Najua kanuni, maana ninawasomea watu kila siku. Anaandikwa aliyepo tu. Wakaguzi wanapita kuhesabu vichwa, na atakayekutwa amezidisha hata mmoja, anafutwa yeye mwenyewe, na aliyeandika anapoteza kazi. Prof naye alijua. Karatasi ya kanuni imebandikwa mlangoni, na yeye husoma kila karatasi iliyobandikwa.

"Bawili," akasema.

Nikaandika mbili. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, na bado sijabadilisha.